Nani Kafunga Koki?

"Imekufa," Fundi alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani.

Pikipiki ya Mwalimu ilisimama katikati ya gereji, imepanguswa hadi kwenye spoku, matairi mapya, mizigo imefungwa pande zote mbili, imependeza kama bwana harusi. Asubuhi ile iliwaka kwa kiki moja na wote waliisikia. Sasa, baada ya chakula cha mchana, Fundi alikuwa ameipiga kiki mpaka jasho limemlowesha ovaroli, nayo imemnyamazia. Alipofungua kifuniko cha ubavuni ili aangalie nyaya, alikuta pengo. Kile kisanduku cheusi kinachopeleka cheche kwenye plagi, ambacho mafundi hukiita sidiai, hakikuwepo.

"Si uweke nyingine?" aliuliza Daktari. Alikuwa daktari wa meno, na kwake injini ilikuwa kama kinywa: kitu kikiharibika, ng'oa, weka kingine.

"Ya pikipiki hii? Mara ya mwisho kuiona dukani nilikuwa bado nina nywele," Fundi alijibu akijipapasa upara. "Ukiagiza leo, watakuja kuipokea wajukuu."

Hapo ndipo kila mtu alipoona ukubwa wa jambo. Msafara ulikuwa uondoke kesho alfajiri, siku sita milimani, huko ambako ukishapita kituo cha mwisho cha mafuta hakuna duka wala simu, ni wewe na mawe na mawingu. Mvua zilitarajiwa mwisho wa wiki, na zikishafika, barabara za juu hazipitiki mpaka mwakani. Walikuwa wamepanga safari hii tangu mvua za mwaka jana. Na kikundi chao cha wapanda pikipiki wanne kilikuwa na sheria moja tu isiyopindishwa, aliyoiandika Mwalimu mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya geti: TUNATOKA WOTE, TUNARUDI WOTE. Pikipiki moja isipotoka, hakuna inayotoka.

"Fundi, funga geti," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ilikuwa sauti ya Inspekta, mama mnene wa makamo aliyefanya kazi kitengo cha upelelezi, na ambaye kwenye msafara alikuwa mfunga mkia, yaani mwendeshaji wa mwisho anayehakikisha hakuna anayeachwa nyuma.

"Inspekta, si uko likizo?" Fundi aliuliza.

"Mimi niko likizo. Macho yangu hayakupewa. Funga geti."

Alichuchumaa kando ya pikipiki, magoti yakilia, akaanza kuitazama kama anavyotazama chumba kilichovunjwa. Kifuniko cha ubavuni kilikuwa kimefunguliwa kwa bisibisi, si kwa kubanduliwa. Kabla Fundi hajakigusa, kilikuwa kimerudishwa na skrubu zake zote. Ncha ya nyaya iliyoachwa wazi ilikuwa imevishwa kipande cha nailoni na kufungwa kwa mpira ili isiingie unyevu. Mwizi gani huyu, mwenye adabu kuliko wageni wengi?

Halafu akaona jambo la pili. Chini ya tangi, upande wa kushoto, koki ya mafuta ilikuwa imefungwa.

"Fundi, ulifunga koki wewe?"

"Nifunge kwa nini? Niliifungua asubuhi kwa mkono wangu. Chombo kinaondoka alfajiri. Koki hufungwa pikipiki inapolazwa, ile ya kukaa wiki mbili tatu, mafuta yasije yakafurika kwenye kabureta." Fundi aliinama kuangalia, uso ukamkunjamana. "Eh! Nani kafunga hii?"

"Hilo ndilo swali," Inspekta alisema, akajiinua kwa kushika kiti cha pikipiki yake mwenyewe iliyokuwa kando.

Kumtoa Fundi kwenye orodha ya washukiwa hakukuwa na kazi. Mchana wote alikuwa kando yake katika mgahawa wa ng'ambo ya barabara, na Inspekta mwenyewe alimshuhudia akimaliza sahani mbili na kuitazama ya tatu kwa huzuni. Daktari alikula nao, lakini aliondoka katikati ya chakula na simu sikioni. Mwalimu hakwenda kabisa. Alisema hajamaliza kufunga mzigo.

Na hapa lazima ielezwe desturi moja ya kikundi hiki, ambayo wageni waliiona ni wazimu. Hakuna aliyejifungia mzigo wake. Walipiga kura, kila mmoja akamfungia mwenzake, kwa sababu mtu akijifungia mwenyewe hubeba nyumba nzima. Safari hii Inspekta aliangukiwa na mzigo wa Daktari, akatoa humo pasi, viatu vya ngozi na mto wenye foronya ya hariri. Daktari alimfungia Fundi, Fundi akamfungia Mwalimu, Mwalimu akamfungia Inspekta. Kufungua mzigo wako kabla ya kambi ya kwanza kulikuwa mwiko. Jioni ile ya kufungua ndiyo iliyokuwa raha ya safari nzima, watu wakicheka kwa walivyowekewa na kulia kwa walivyonyimwa.

Inspekta alianza na mwenye mali.

Mwalimu alikuwa ameketi katika kiofisi cha gereji, chini ya ramani kubwa ya milima iliyobandikwa ukutani. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mwenye pengo la jino la juu mbele ambalo Daktari alimbembeleza miaka yote amzibie. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa jaketi.

"Pole, Mwalimu."

"Nishapoa. Chuma ni chuma, Inspekta, huchoka. Ninyi nendeni. Daktari ataongoza, njia anaijua, nimemfundisha mwenyewe." Akaisukuma chupa ya chai mbele yake. "Hebu nifungulie hii. Kizibo kimekaza."

Inspekta alikizungusha. Kilifunguka bila ubishi wowote. Alimmiminia chai, akaangalia kikombe kinavyopanda mdomoni kwa mkono wa kulia peke yake.

"Mchana ulikuwa hapa peke yako?"

"Karibu wakati wote. Nilitoka kidogo kwenda msalani. Binti yangu alipita kuleta sanduku la dawa. Daktari naye alipita getini akipiga kelele kwenye simu."

"Unamshuku nani?"

"Mimi?" Mwalimu alicheka, pengo likaonekana. "Nilifundisha watoto miaka thelathini. Ukianza kumshuku mtu, utashuku mpaka ubao."

Daktari alihojiwa kando ya pikipiki yake mpya, kubwa, yenye kioo kinachoonyesha kila kitu isipokuwa hali ya moyo wa mwendeshaji. Alijua anashukiwa na alikuwa amejiandaa kuchukia.

"Najua mnachofikiri. Nilitaka njia ya mgongoni mwa mlima, Mwalimu akataka barabara ya zamani ya malori ya magogo. Tulibishana, ndiyo. Nikamwambia mimi naweza kuongoza, ndiyo. Sasa ndiyo niwe mwizi?"

"Alikataa njia ya mgongoni kwa nini?"

"Ndilo linaloniuma! Ile njia yeye ndiye aliyetufundisha kuipenda. Zile kona, breki, klachi, gia, klachi, unafika juu mkono umekufa lakini moyo unacheka. Mwezi uliopita akageuka ghafla. Eti barabara pana ni bora. Kwa nini? Eti umri wetu."

"Na simu ya mchana?"

"Mgonjwa wangu, jino linamwua. Mpigie."

Inspekta hakupiga. Alimshika bega, akampeleka mpaka kwenye pikipiki ya Mwalimu. "Nisaidie kitu kimoja. Nifungulie koki ya mafuta."

Daktari aliinama. Alishika kifuniko cha tangi. Akashika kitu kingine karibu na injini, akakiachia haraka kilipomchafua. Akabonyeza kitufe, honi ikalia, na Fundi aliyekuwa anakunywa maji akapaliwa.

"Ya kwangu haina kitu hicho," Daktari alisema kwa heshima iliyojeruhiwa. "Ya kwangu inajifungua yenyewe."

"Uko huru," Inspekta alisema, naye Fundi akaendelea kukohoa na kucheka kwa zamu.

Hata hivyo Fundi alikuwa na la kusema. Alimvuta Inspekta pembeni, akashusha sauti. "Sijui kama linahusu. Mwalimu alikuja mara mbili mwezi huu nimlegezee klachi. Nikalegeza. Akarudi, bado ngumu. Nikamwambia Mwalimu, nikilegeza tena itabaki pambo. Tena yeye, aliyekuwa akiibana kama anakamua ndimu!"

Wakati huo geti liligongwa kwa nguvu. Aliyeingia ni binti wa Mwalimu, Nesi, amevaa sare zake, njiani kwenda zamu. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmekaa kama mnasubiri majibu ya maabara?"

Walimweleza. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akavuta pumzi ndefu na kuangua kicheko.

"Umefurahi?" Inspekta aliuliza.

"Nimefurahi na wala sioni aibu. Baba ana miaka sabini. Kila anapopanda milimani mimi silali."

"Na mchana ulikuwa hapa."

"Nilikuja na sanduku la dawa. Nilimkuta amepiga magoti kando ya pikipiki yako wewe, anahangaika na mikanda. Nikamwambia lete nikufungie, akanifukuza kama kuku jikoni." Kicheko kilimpungua. "Inspekta, unanishuku mimi?"

"Unajua koki ya mafuta iko wapi?"

"Ya pikipiki hii? Nilijua kuiendesha kabla sijajua kuendesha baiskeli." Alielekeza kidole pembeni, kwenye lundo lililofunikwa turubai. "Na kabla ya hapo nilikaa kwenye kile kigari, kile kilichokuwa kinafungwa ubavuni mwake. Helmeti inaniangukia puani, mimi nawapungia watu kama rais. Lakini kuiba, hapana. Nikitaka kumzuia baba nitamwambia usoni. Hata likizo nimeomba wiki hii, zamu ya leo ndiyo ya mwisho, nikidhani ataniambia, mwanangu, twende wote. Hakusema. Mimi nami sikuomba. Kwetu kiburi tunarithishana kama viwanja."

Inspekta alimwamini, lakini kuamini si ushahidi. Waliojua koki ilipo, na kuipenda pikipiki kiasi cha kuivisha nyaya zake nailoni, walibaki wawili tu, baba na binti. Na nani anajiibia mwenyewe?

Akaenda kwenye pikipiki yake. Mzigo wa kulia ulikuwa umefungwa kwa fundo la Mwalimu, lile zuri, bapa, alilowafundisha wote. Wa kushoto ulikuwa na fundo la ajabu, limelala upande, na ncha ya mkanda wa mpira ilikuwa imetafunwa. Inspekta aliigeuza kwenye mwanga. Mtu alikuwa ameivuta kwa meno, na meno yaliacha alama zake bila kuficha.

"Daktari! Njoo. Kazi yako hii."

Daktari alikuja bado amenuna, lakini alipoona alama zile alisahau kununa. Alitoa miwani, akaushika mkanda kwa vidole viwili. "Meno ya mtu mzima. Yamesagika kidogo. Ya chini yamekamilika. Ya juu..." Akautazama mlango wa kiofisi, akamtazama Inspekta. "Siwezi kusema. Siri ya mgonjwa."

"Hujasema kitu," Inspekta alimwambia, naye Nesi, mwenye meno yake yote kinywani, akatoka kwenye orodha.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijiwazia, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikundi akavunja mwiko. Alifungua mzigo wake mwenyewe mchana kweupe, watu wakimtazama kama anayevua nguo barabarani. Koti la mvua. Soksi. Pakiti ya karanga, Mwalimu Mungu ambariki. Na chini kabisa, glavu ya mkono wa kushoto, ya ngozi, imezibwa kwa mpira. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu chenye pembe.

Aliingia nayo kiofisini, akafunga mlango, akaiweka mezani kando ya chai iliyokuwa imeshapoa.

"Mwalimu, umenifungia kitu kisicho changu."

Mwalimu aliitazama glavu, kisha ramani, kisha glavu tena.

"Umevunja mwiko."

"Nimevunja."

Mzee alitoa mkono wa kushoto mfukoni, taratibu, akaulaza juu ya meza. Alijaribu kuukunja. Vidole viwili vilikuja, vingine vikabaki nyuma.

"Haushiki," alisema. "Mjini naweza. Lakini mwezi uliopita, kwenye ule mteremko, nilibana klachi vidole vikagoma. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Nikakwambia nimeteleza kwenye kokoto."

"Nikakuamini."

"Ndiyo. Nikaona, nikiongoza nitawaangusha wote. Nikisema, mtanionea huruma, na huruma yenu siitaki. Pikipiki ikifa, hakuna wa kulaumiwa. Mngeondoka, mimi ningewapungia mkono pale getini. Huu wa kulia."

"Na sheria yako? Tunatoka wote?"

"Nilidhani mtaivunja." Alitikisa kichwa, karibu acheke. "Miaka yote nawafundisha. Sikujua kama mlikuwa mnasikiliza."

"Mbona uliificha mzigoni mwangu? Ungeitupa. Ungeifukia."

Macho ya Mwalimu yalilowa na hakuyafuta. "Nimevuka milima ile nayo tangu mama yake Nesi yu hai. Nilitaka angalau kipande chake kivuke. Ungefungua kambi ya kwanza, ungenitukana, halafu ungekibeba mpaka juu. Nakujua."

Inspekta alikuwa ameshasikiliza watu wakiungama mambo mazito bila kope kutikisika. Sasa alilazimika kuisoma ramani ya ukutani kwa makini sana.

"Na koki?" aliuliza hatimaye. "Kwa nini uliifunga?"

"Koki gani?"

"Ya mafuta. Ilikuwa imefungwa."

Mwalimu alikunja uso, akafikiri, halafu pengo lake likatokea. "Niliifunga? Basi mkono ulijifungia wenyewe. Pikipiki inayolazwa haiachwi koki wazi."

"Hiyo ndiyo iliyokushtaki. Mwizi hana habari na kabureta." Inspekta aliinuka. "Mimi kesi yangu imekwisha na sitasema neno. Lakini nje kuna watu watatu na sheria moja, na mmoja ni mwanao. Kaseme mwenyewe."

Mwalimu alitoka, mkono wa kushoto ukiwa wazi kila mtu auone, akasema yote, kwa sentensi fupi, kama anayesoma matokeo ya mtihani ambao amefeli yeye.

Wa kwanza kusogea ni Nesi. Aliuchukua ule mkono, akakibonyeza kifundo, akavivuta vidole kimoja kimoja.

"Unakufa ganzi usiku?"

"Kidogo."

"Baba, kidogo chako nakijua. Mficha maradhi kifo humwumbua, na wewe kifo hakikupata nafasi, umeumbuliwa na koki!" Sauti ilimtetemeka, sijui kwa hasira au kwa kicheko, pengine vyote. "Huu ni mshipa umebanwa. Unatibika. Tukirudi unamwona daktari. Wa mikono, si wa meno."

"Tukirudi?" Mwalimu aliuliza.

"Tukirudi," alisema binti yake, akageuka. "Fundi, ondoa lile turubai."

Fundi hakungoja kuambiwa mara mbili. Chini ya turubai kulikuwa na matairi ya zamani, chini ya matairi mapipa matupu, na chini ya mapipa kigari cha ubavuni, rangi imekibabuka, kiti kimetoboka, gurudumu zima. Alikizunguka, akakipiga teke, akakisikiliza kama anayechagua tikiti.

"Kinafungika," alitangaza. "Kitanila usiku mzima, lakini kinafungika."

"Kwenye njia ya mgongoni hicho hakipiti," Daktari alisema.

"Hakipiti," Inspekta alikubali. "Kinataka barabara ya malori."

Daktari aliwatazama wote, akainua mikono. "Kumbe alishinda tangu mwanzo! Basi angalau nirudishieni mto wangu, akalie mzee."

Alfajiri walijipanga mbele ya geti. Mwalimu aliketi kigarini juu ya mto wa hariri, magoti karibu yamguse kidevu, helmeti imemkaa sawasawa, ramani mapajani. Nyuma yake Daktari, nyuma ya Daktari Fundi, na mkiani Inspekta, ambaye mzigo wake ulikuwa umefungwa upya na hajui kilichomo. Nesi alipanda pikipiki ya baba yake, sidiai ikiwa imerudishwa mahali pake, akapiga kiki. Injini ilishika, ikanguruma, watu wakashangilia. Halafu ikakohoa, ikazimika.

Wote waligeuka kumtazama Fundi, naye Fundi akageuka kutafuta mtu wa kumtazama.

Mwalimu aliinama kutoka kigarini, akanyoosha mkono wa kulia chini ya tangi, akafungua koki.

"Piga sasa, mwanangu," alisema. "Twende wote."